Vuli ya Minneapolis: watoto wanashinda ndani, na boga langu limegeuka maji

Shikamoo Shangazi,

Sisi ni watu wa Tanga. Tulihamia Minneapolis Novemba mwaka jana, kwa hiyo vuli ya huku hatujaiona hata moja kamili. Nina watoto watatu: binti wa miaka 11, kijana wa miaka 7 na kitindamimba wa miaka 4. Baba yao anafanya kazi ghalani usiku na gari analo yeye. Mimi niko huru Jumamosi na Jumapili mpaka saa kumi jioni. Tunakaa hatua chache kutoka kituo cha treni cha Lake Street.

Kila mtu ananiambia huu ndio msimu mzuri kuliko yote, toka na watoto. Nikatoka. Jumamosi iliyopita tulipata lifti hadi shamba moja la matufaha nje ya mji. Niliacha huko dola 92: kiingilio, mkokoteni wa trekta, mfuko wa matufaha, chakula. Mdogo alilia kwa baridi na miguu iliyolowa, mkubwa hakuinua macho kwenye simu, na matufaha yenyewe nusu yameshaanza kuoza jikoni. Nikanunua na boga kubwa la rangi ya chungwa nipike boga la nazi. Likawa supu yenye nyuzi.

Tangu hapo wako ndani na vishikwambi vyao. Nina dola 30 tu za matembezi kwa wiki. Na binti anadai Halloween, ile sherehe ya mwisho wa Oktoba, darasani hawana mazungumzo mengine, ilhali baba yake hataki hata kulisikia jina hilo. Nifanyeje kabla theluji haijatuwahi?

Mama Watatu, Minneapolis

Marahaba mwanangu,

Vuli ya Tanga ni mvua, na ikichelewa inangojewa. Vuli ya Minnesota haingoji mtu. Ni wiki sita hivi, kuanzia mwisho wa Septemba, na kila kitu ndani yake kina siku zake: majani yana yake, matufaha yana yake, jua nalo lina yake. Kutoka halikuwa kosa. Ulitoka siku ambayo mji mzima umetoka, kwenda mahali ambapo kila hatua inalipiwa, na watoto wakiwa wamevaa, nadhani, fulana za pamba na raba za kitambaa. Tuanze na hilo la nguo maana hilo ndilo lililomliza mdogo.

Pamba ikilowa, kwa jasho au kwa umande, hukaa na maji na kuuvuta joto mwilini. Ndiyo maana mtoto anakimbia nusu saa akiwa na furaha, kisha akisimama tu anaanza kutetemeka. Ndani mvalishe kitu cha poliesta au sufu kinachobana mwili kidogo, katikati sweta nene ya manyoya-manyoya, juu jaketi jepesi lisilopitisha upepo. Soksi za sufu, na mabuti ya mpira ya mvua, kwa sababu nyasi za asubuhi ya Oktoba zina maji mpaka karibu saa tano. Mwanzoni mwa Oktoba mchana hufika nyuzi 19 za Selsiasi, na mwisho wa mwezi ni kama 11, lakini asubuhi hushuka hadi 5 na chini yake. Kwa hiyo panga kutoka kati ya saa tano asubuhi na saa tisa. Beba soksi za akiba pea moja kwa kila mtoto, kwenye mfuko wa plastiki. Huo mfuko mtupu baadaye utabeba zilizolowa.

Sasa matembezi ya kwanza, na yafanye wikiendi hii au ijayo, maana rangi za majani hapa mjini hufikia kilele kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Upepo mkali wa siku moja unaweza kuyaangusha yote. Hapo Lake Street panda treni ya Blue Line inayoelekea uwanja wa ndege, ushuke kituo cha tatu, 50th Street/Minnehaha Park. Tiketi moja inakubalika saa mbili na nusu, kwa hiyo ukiwa mwepesi unaenda na kurudi kwa tiketi ile ile. Ila kwa watoto watatu usijibane, lipa ya kurudi.

Kutoka kituoni ni mwendo mfupi wa miguu hadi maporomoko ya Minnehaha, yenye kimo cha mita 16. Usiwaahidi watoto ngurumo. Vuli ikiwa kavu, kijito hupungua, na maporomoko huweza kubaki mchirizi. Uzuri wa Oktoba uko chini, kwenye korongo, ambako kijito hukimbia kati ya miti hadi kukutana na mto Mississippi. Wapeleke choo kabla ya kushuka, kwa sababu ngazi ni nyingi na kupanda tena na mtoto anayebana mkojo si mchezo. Kigari cha kusukuma mtoto kiache nyumbani. Mdogo atatembea kwenda, kurudi utambeba, kwa hiyo geukeni njiani akiwa bado ana nguvu, hata kama hamjaufikia mto.

Kule chini wape kazi. Ukiwaambia "tazameni miti ilivyo mizuri" watakutazama wewe. Mpe kila mmoja bahasha ya karatasi na umri wake uamue kazi yake. Wa miaka 4 atafute rangi: njano moja, nyekundu moja, kahawia moja. Wa miaka 7 atafute maumbo: jani la mepo, lile lililo kwenye bendera ya Kanada, jani la mwaloni lenye mapindo kama vidole vinene, na mbegu za mepo zenye bawa, zinazozunguka zikirushwa juu. Binti umpe kamera ya simu ile ile anayoinamia, apige mti mmoja kutoka mbali, shina lake, na jani lake, miti mitano. Simu haijamnyang'anya chochote akiwa anaitumia kutazama.

Kuna jani moja la kuwakataza. Ni mmea mfupi au unaotambaa shinani, vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, cha katikati kikiwa na kikonyo kirefu kuliko vya pembeni. Huitwa poison ivy. Vuli hugeuka mwekundu wa kupendeza kuliko yote, na mtoto ataukimbilia huo kwanza. Utomvu wake huwasha na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Akiushika, osha kwa sabuni na maji mengi haraka, na nguo zifuliwe peke yake. Pia kupe wa huku hawajalala bado: wale wadogo wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria, huwa wamekomaa na wana njaa Oktoba na Novemba. Jioni mkirudi kagua nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na mstari wa nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Majani mliyoleta yakaushwe siku hiyo hiyo. Futa unyevu, panga kati ya karatasi za gazeti bila kugusana, weka vitabu vizito juu. Siku ya pili badilisha gazeti, hapo ndipo watu wengi wanapokosea: karatasi iliyonyonya maji ikibaki, majani huota ukungu mweusi. Baada ya wiki moja yako tayari kubandikwa dirishani. Nyekundu hufifia mapema, njano hudumu.

Binti wa miaka 11 anastahili zaidi ya kubandika. Mwambie njano haikuja leo, ilikuwamo ndani ya jani kiangazi chote, imefunikwa na kijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza kijani na njano inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo jani huitengeneza upya, hasa mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi bila kuganda. Kisha mwache ahakikishe mwenyewe. Achane-chane majani manne yaliyo bado na kijani, ayaweke glasini, amimine spiriti ya dukani ya asilimia 70 mpaka ifunike tu majani, afunike glasi na aisimamishe ndani ya bakuli la maji moto ya bomba kwa nusu saa. Halafu aning'inize ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, ncha yake tu iguse spiriti, asubiri saa moja au zaidi. Rangi zitapanda na kutengana, kijani mahali pake na njano mahali pake. Ikitoka hafifu, majani yalikuwa machache au hayakuchanwa vya kutosha. Spiriti hushika moto, kwa hiyo maji yatoke bombani, jiko lisiguswe, na dirisha liwe wazi.

Tuje kwenye matufaha, au maepo kama watoto wako wanavyoyaita. Shamba uliloenda huuza starehe, na matufaha ni kisingizio. Hakuna ubaya, ila ujue unachonunua. Siku nyingine kabla ya kukubali lifti uliza mambo matatu: kiingilio ni kiasi gani kwa kila kichwa, mfuko mdogo kabisa unaoruhusiwa ni wa ukubwa gani, na aina gani imeiva wiki hii. Kuchuma nako kuna namna yake. Shika tufaha kwa kiganja, linyanyue juu huku ukilizungusha kidogo. Lililoiva litaachia na kikonyo chake. Ukilivuta chini, kikonyo hung'oka na kuacha kidonda, na uozo huingilia hapo. Hayo yako yaliyooza yalikuwa hivyo, au yalitupwa-tupwa mfukoni, kisha yakakaa kwenye joto la jikoni. Tufaha huzeeka haraka mno nje ya friji, na lililooza hutoa gesi inayoyaivisha ya jirani. Tenga mabovu leo, yaliyobaki yaingie friji kwenye mfuko wenye matundu.

Kwa dola zako 30, soko la wakulima la Minneapolis, lile la barabara ya Lyndale, linakufaa kuliko shamba. Fika saa ya mwisho kabla hawajafunga, wengi hupunguza bei kuliko kupakia tena. Watoto wawili wakubwa kila mmoja apewe dola tatu na jukumu la kuchagua aina moja ambayo nyumbani hamjawahi kuila. Honeycrisp mtaiona kila meza, na ni mwenyeji: ilizalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Seli zake ni kubwa, ndiyo maana ikiumwa inapasuka badala ya kusagika. Ni ghali. Kwa kupika chukua Haralson, mkongwe wa chuo hicho hicho wa mwaka 1922, chachu kidogo na gumu. Kilo moja na nusu, menya na ukate, nusu kikombe cha maji, kijiti cha mdalasini, moto mdogo dakika 25 sufuria ikiwa imefunikwa, kisha ponda kwa mwiko. Hiyo na chapati ya moto asubuhi ya baridi, hutamwita mtu mara mbili.

Neno moja kuhusu vinywaji vya sokoni. Kinachoandikwa "cider" hapa Marekani ni juisi ya tufaha isiyochujwa, haina kilevi. Kikiandikwa "hard cider", hicho ni pombe. Kwa mtoto wa miaka 4 hakikisha chupa imeandikwa kuwa imepashwa moto kuua vijidudu. Ile mbichi imeshawahi kuwafanya watu waugue.

Sasa boga lako. Hukukosea mapishi. Yale maboga makubwa ya chungwa yamezalishwa yawe makubwa, ya duara na yenye kikonyo cha kupendeza, basi. Nyama yake ni maji na nyuzi. Boga la nazi linataka kabocha, lile la kijani kibichi lililobonyea, au butternut lenye umbo la kibuyu. Kabocha lina ganda gumu: litoboe matundu kadhaa, lipashe kwenye maikrowevu dakika tatu, ndipo kisu kiingie bila kukukata mkono. Kwa kilo moja, usilitikise kopo la nazi la mililita 400 kabla ya kulifungua. Kilichoganda juu ndiyo tui zito, maji ya chini ndiyo tui jepesi. Chemsha vipande kwa tui jepesi lililoongezwa maji kikombe kimoja, sufuria imefunikwa, dakika 15. Tia tui zito, sukari vijiko vitatu, hiliki na chumvi kidogo, acha wazi kwenye moto mdogo dakika kumi. Usikoroge, tikisa sufuria tu, la sivyo utapata uji. Na majani ya maboga yapo: waulize wakulima wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, pale sokoni, wao pia hula vichomozi vyake. Wahi, kwa sababu jalidi la kwanza la Oktoba huyaua kwa usiku mmoja.

Boga kubwa la chungwa lina kazi yake, ya kuchongwa taa. Nunua lenye kikonyo kigumu na chini pasipobonyea, ulibebe kwa kukumbatia, kwa sababu kikonyo kikikatika uozo huanza pale. Kata tundu chini, si juu, ili liketi juu ya taa na lisijikunje. Kwangua ndani mpaka ukuta wa mbele ubaki sentimita mbili na nusu. Ukiacha mnene kisu kinakwama na kuteleza, na hapo ndipo vidole hukatwa. Mama ndiye mwenye kisu, watoto wana vijiko. Wala hakuna sheria kwamba lazima liwe na uso wa shetani. Chora pindo la kanga, nyota, mwezi, au toboa matundu kwa keekee ya ukubwa tofauti, inapendeza kuliko meno. Weka taa ndogo ya betri, acha mshumaa. Likishachongwa lina siku tatu hadi tano tu, na kindi watalitafuna, kwa hiyo usichonge mapema. Mdogo apewe boga dogo zima na stika. Hilo likiwekwa nje kabla ya baridi ya kugandisha hukaa mwezi.

Mbegu msitupe. Osheni, chemsheni dakika kumi kwa maji ya chumvi, zikaushwe kwa kitambaa, kisha oveni nyuzi 350 za Farenhaiti, dakika 20, mkizigeuza mara moja. Zikiingia na unyevu zitakuwa ngumu kama mpira.

Halloween. Hapa sitaamua badala ya baba yao, nitakwambia tu inavyokwenda ili mwamue mkiwa mnajua. Tarehe 31 Oktoba jua huzama kama saa kumi na mbili jioni. Watoto wenye mavazi ya kuigiza huanza kugonga milango kuomba peremende wakati huo hadi kama saa mbili. Taa ya mlangoni ikiwaka, maana yake karibu. Ikizimwa, hakuna atakayegonga wala kununa. Kwa hiyo kutoshiriki ni rahisi kuliko mnavyodhani, hakuhitaji maelezo kwa jirani.

Kama mtakataa, amueni kabla ya tarehe 15 na mwambieni binti mkiwa wote wawili, bila kuzungushana. Mwandikie mwalimu mistari miwili ukiuliza darasa limepanga nini siku hiyo na kama kuna kazi nyingine kwa asiyeshiriki. Usiku huo nyumbani pawe na kitu cha kweli, wageni wa rika lake, taa ya boga la kanga, chakula anachokichagua yeye. Kumwambia "hatufanyi" kisha akakaa dirishani akiwatazama wenzake ni ukatili mdogo, na atakumbuka.

Kama mtakubali kidogo, nguo ya kuigiza inunuliwe kubwa ivaliwe juu ya koti. Wenyeji bado wanautaja mwaka 1991, theluji ilipoanza siku hiyo hiyo ya Halloween na kufikia sentimita 72 hapa mjini. Usoni rangi badala ya barakoa, maana barakoa huziba macho barabarani, na utepe unaong'aa mgongoni. Peremende hukaguliwa nyumbani: zile za kutafuna-tafuna na zenye povu jeupe mara nyingi zina jelatini, na aghalabu ni ya nguruwe. Chokoleti tupu kwa kawaida haina. Weka bakuli la zako pembeni mbadilishane moja kwa moja.

Lakini tarehe ninayotaka uizungushie duara ni nyingine. Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba shule nyingi za Minnesota hufungwa kwa mkutano wa walimu, watu huita MEA. Ukiweza kuomba zamu ibadilishwe, iombe sasa. Hizo ndizo siku za bustani ya wanyama ya Como, Saint Paul, ambako kuingia ni bure na sanduku la mchango liko mlangoni. Jumba lake la vioo lenye mitende lina joto na unyevu mwaka mzima. Mtavua makoti mlangoni.

Majani ya kurukia hayahitaji safari. Bustani yoyote ya mtaa itatosha, mkusanye wenyewe kwa reki, kimo cha goti, mkague kwanza kama kuna matawi yaliyochongoka au uchafu wa mbwa. Rundo la kando ya barabara ni haramu kabisa kwa watoto: dereva haoni mtoto aliyefunikwa na majani.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Hapo mchezo wa nje umebaki wa mchana tu. Jumba la sanaa la Mia, si mbali na kwenu, halina kiingilio. Wape watoto kazi ya kutafuta wanyama kumi kwenye picha na vinyago, saa moja na nusu inatosha, msikae hadi wachoke.

Mabuti ya theluji nunua mwezi huu kwenye maduka ya mitumba. Theluji ya kwanza ikianguka, saizi za watoto huisha kwa wikiendi moja. Mjaribishe mtoto akiwa na soksi mbili nene, na kidole gumba chako kiingie nyuma ya kisigino. Kama hakiingii, achana nalo hata kama bei ni dola mbili.

Shangazi